Bakapu ya seva ya ofisi kwenda klaudi ukiwa Dodoma, na intaneti yetu hii hii

Mbukwenyi wakuu. Hii ni kwa wenye seva ofisini, na nikisema seva simaanishi mtambo wa mamilioni, namaanisha hata ile desktopu iliyo chini ya meza ya mhasibu yenye Tally au QuickBooks au ile programu ya mauzo mliyotengenezewa na kijana wa UDOM, ambayo ikizimika duka zima linasimama. Ofisi nyingi hapa mjini ukiuliza bakapu iko wapi unaonyeshwa diski ya nje imechomekwa nyuma ya mashine hiyo hiyo, imejaa vumbi, na kila mtu karidhika. Mwizi akiingia anabeba vyote viwili. Moto ukiwaka vinaungua pamoja, umeme ukirudi kwa kishindo vinapigwa pamoja, na ransomwea, kile kirusi kinachofunga mafaili halafu kinadai hela, kinaifunga na hiyo diski pia maana kwa mashine hiyo ni folda nyingine tu.

Kwa hiyo tunachotafuta hapa ni umbali. Nakala iwe mbali na seva kimahali, hilo wengi wanalielewa, ila iwe mbali na kwa funguo pia, yaani aliyeishika seva yako leo usiku, awe mwizi, kirusi au mfanyakazi aliyeondoka na hasira, asiweze kuifuta nakala. Hilo la pili ndo linasahaulika, na mtu anaweza kulipia klaudi, yaani hifadhi ya kukodi mtandaoni, mwaka mzima bila kuwa nalo.

Na usidhani haya ni ya maduka ya Majengo peke yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliokuwa na bakapu kabisa, ila ilikaa kwenye eneo hilo hilo, ikaondoka na seva. Ndo maana mafundi wana ile kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya jengo. Diski yako ya nje usiitupe basi, itabaki kuwa ya kurudishia haraka. Tunachoongeza ni hiyo ya nje.

Najua kuna anayesema mimi nina Google Drive, inasinki yenyewe. Kusinki siyo bakapu mkuu. Ukifuta faili ofisini linafutika na kule, kirusi kikilifunga linapanda likiwa limefungwa, na takataka za Google Drive zinasafishwa zenyewe baada ya siku 30. Mhasibu akigundua mwezi wa tatu kwamba folda ya Desemba haipo, hamna cha kurudisha. Drive ni nzuri kwa kushirikiana mafaili, tuiache na kazi yake.

Anza na kupima intaneti, siyo kuchagua kampuni

Watu wanakimbilia kufungua akaunti wakati tatizo letu la kwanza liko kwenye njia. Pima spidi ya kuaplodi, siyo ya kudaunlodi, maana ile namba kubwa wanayotangaza kwenye vifurushi mara nyingi ni ya kudaunlodi. Pima mchana na pima usiku. Hesabu yake ni rahisi, kila Mbps 1 ya kuaplodi inabeba kama MB 450 kwa saa, kwa hiyo ukiwa na Mbps 10 unapata kama GB 4.5 kwa saa na kiuhalisia pungufu kidogo. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi, yaani GB 40 hivi kwa usiku mmoja. Ofisi yenye GB 200 itahitaji siku tano za mwanzo, baada ya hapo kinachopanda ni mabadiliko ya siku tu ambayo kwa duka la kawaida ni kidogo sana.

Ukiwa na TB 2 hapo ni hadithi nyingine, zaidi ya siku 18 bila kupumzika, diski ikipanda SGR kwenda Dar inafika kabla hujamaliza hata asilimia moja. Na hilo si utani, ni njia inayotumika: unatengeneza bakapu ya kwanza kwenye diski ya nje, unaipeleka penye faiba nzuri, iwe tawi lenu la Dar au ofisi ya jamaa yako hapo Area D, unaaplodi kutokea huko, halafu seva inaendelea na mabadiliko tu. Diski hiyo ikisafiri iwe imefungwa kwa nywila, programu nitakayoitaja chini inafanya hivyo yenyewe.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu soma vizuri masharti ya kifurushi, maana hivi vinavyoitwa visivyo na kikomo vingi vina kiwango ambacho ukikipita spidi inakatwa, na bakapu ya kwanza inakipita fasta. Halafu weka akilini kwamba njia yenyewe inaweza kukatika kwa siku kadhaa, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania nzima tukabaki na intaneti ya kusuasua. Kwa siku kama hizo ndo ile nakala ya hapo ofisini inakutetea.

Chagua cha kupeleka

Usipeleke seva nzima. Windows utaiinstoo upya, programu pia, ukihifadhi sehemu moja leseni na mafaili ya kuinstolia. Kinachopanda ni vile visivyonunulika tena: databesi, nyaraka, mikataba, skani za risiti, mipangilio ya programu. Ile folda ya picha za harusi ya bosi na muvi za vijana wa stoo, hapana, na usione aibu kulisema hilo.

Databesi haikopiwi kama faili la kawaida ikiwa inafanya kazi. Ukikopi folda la MySQL wakati watu wanauza, nusu ya data inakuwa ya sasa hivi nusu ya dakika iliyopita, na siku ya kurudisha haifunguki. Iambie yenyewe itoe nakala, mafundi wanaiita damp: MySQL ina mysqldump, na kwa tebo za aina ya InnoDB ongeza --single-transaction ili isisimamishe mauzo. PostgreSQL ina pg_dump. SQL Server ina komandi yake ya BACKUP DATABASE, ila wengi hapa mnatumia ile Express ya bure na yenyewe haina ratiba ya ndani, kwa hiyo itabidi uandike skripti ya sqlcmd uiweke kwenye Task Scheduler ya Windows. Tally na QuickBooks tumia bakapu yao wenyewe, faili likishatoka ndo tunalibeba. Na usilizip hilo faili kabla, nitakwambia kwanini.

Wapi pa kuweka

Wakubwa wako watatu na wote wana vituo Afrika Kusini: Amazon wako Cape Town tangu 2020, Microsoft wako Johannesburg, Google nao wakafungua Johannesburg 2024. Wana kila kitu, ila bei zao zina vipengele vingi na kutoa data kunalipiwa kwa GB, sasa watu wanaona bei ya kuweka wanafurahi, siku ya kurudisha ndo wanaona bili. Kuna na yale madaraja ya bei chee kama S3 Glacier Deep Archive ya Amazon, hayo kuyasoma unaomba kwanza na unaweza kusubiri muda wa saa 12 au zaidi, na ukifuta kabla ya siku 180 unalipia tu. Kwa nyaraka za kodi za miaka ya nyuma sawa. Kwa databesi ya duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi, hapana.

Kwa biashara ndogo na za kati mimi naelekeza kwa wale wanaouza hifadhi tu. Backblaze B2 Oktoba 2023 walitangaza dola 6 kwa mwezi kwa TB 1, GB 10 za kwanza bure, na kudaunlodi bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Kwa bei hiyo GB 300 haifiki hata elfu kumi kwa mwezi. Wasabi nao wapo ila wanakutoza kama una TB 1 hata ukiwa na GB 50, na faili ukilifuta kabla ya siku 90 bado unalilipia, kwa hiyo angalia unaangukia wapi. Ukitaka data isitoke nchini kuna kituo cha taifa cha data, NIDC, pale Dar, waombe bei.

Malipo ni kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, benki nyingi inabidi uombe wafungue. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni. Siyo ya fundi, siyo ya mtoto wa bosi.

Kuiunganisha

Programu ninayoipendekeza inaitwa restic, ni ya bure, faili moja tu, inakubali Linux na Windows, na kila kitu inakifunga kwa nywila kabla hakijatoka ofisini kwako, kwa hiyo kampuni ya klaudi inaona makapi tu. Inagawa mafaili vipande vipande na kipande kilichokwishapanda hakipandi tena, ndo maana nikasema usizipu, ukizipu kila siku inaona faili jipya zima na bando lako linaenda na maji. Kubana inabana yenyewe.

Kule B2 kanda, Ulaya au Marekani, unaichagua wakati wa kufungua akaunti. Kisha tengeneza baketi moja, yaani chombo cha kuwekea mafaili yako, iwe ya faragha, washa Object Lock, kufuli la kuzuia kufuta, hapo hapo wakati unaitengeneza, weka siku 30. Hiyo Object Lock ndo ule umbali wa pili niliousema. Mtu akishika funguo za seva yako na kuamuru kila kitu kifutwe, mafaili ambayo hayajafikisha siku 30 tangu yapande yanafichwa tu, matoleo yake yanabaki na utayarudisha, ila yaliyopanda kabla ya hapo kufuli lake limeshaisha. Ina aina mbili, ile laini mwenye ufunguo wenye ruhusa maalumu anaweza kuivuka, ile kali hata wewe mwenye akaunti hufuti, kwa hiyo usianze nayo ukiwa bado unajifunza, bili itakukaba. Weka na kanuni ya kusafisha matoleo yaliyofichwa baada ya siku hizo kuisha, la sivyo yanarundikana na unalipia.

Tengeneza ufunguo wa programu unaofungua baketi hiyo moja tu, usitumie ule mkuu wa akaunti. Kisha kwenye seva ya Linux unaandaa faili lenye RESTIC_REPOSITORY (anwani ya baketi, inaanza na s3:https://), AWS_ACCESS_KEY_ID na AWS_SECRET_ACCESS_KEY (majina ni ya Amazon ila B2 wanayakubali), na RESTIC_PASSWORD_FILE inayoonyesha faili la nywila. Faili hilo lisomwe na root, yule msimamizi mkuu wa Linux, peke yake. Baada ya hapo:

restic init
restic backup /data/ofisi /data/damp --limit-upload 1000

Hiyo ya kwanza unaipiga mara moja tu maishani. Ya pili ndo ya kila siku, na ile 1000 ni KiB kwa sekunde, kama Mbps 8, ili kama bakapu imechelewa na asubuhi imefika isiwanyime watu wa kaunta intaneti. Kwenye Windows fungua kama administreta na uongeze --use-fs-snapshot ili ibebe hata mafaili yaliyofunguliwa.

Umeme ukikatika katikati usihofu, piga komandi tena, vipande vilivyokwishapanda na kusajiliwa havirudiwi. Ikilalamika kwamba kuna kufuli lililobaki, na una uhakika hamna bakapu nyingine inayoendelea, restic unlock. Ila UPS nunua jamani, hata ndogo, seva haifai kuzimwa kwa kushtukizwa.

Ratiba weka usiku kwa cron, kile kipanga ratiba cha Linux. Hapa kuna mtego wetu: seva ikiwa kwenye saa za UTC ukiandika 20 ukidhani ni saa mbili usiku, inaanza saa tano usiku, na asubuhi haijamaliza. Weka saa za Africa/Dar_es_Salaam kwanza. Damp ya databesi iishe ndo restic ianze, ziweke kwenye skripti moja, damp ikifeli skripti ipige kelele na siyo kuendelea kimya kimya.

Mara moja kwa wiki punguza za zamani:

restic forget --keep-daily 14 --keep-weekly 8 --keep-monthly 12 --keep-yearly 6 --prune

Hizo za mwaka nimeweka sita kwa sababu sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano, na TRA wakija kuuliza mambo ya miaka minne nyuma hautawaambia kompyuta ilikufa. Kwa ile Object Lock nafasi haitapungua papo hapo, itasubiri siku zake.

Nani anajua kama imefanyika?

GitLab, kampuni ya watu wanaotengeneza programu, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta databesi kwa bahati mbaya, wakakimbilia bakapu. Baketi tupu. Kumbe pg_dump iliyokuwa inakimbia ilikuwa ya toleo la zamani kuliko databesi, inafeli kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyeona. Wakapoteza data za kama saa sita, na walipona kwa sababu tu mtu alikuwa amechukua nakala kwa mkono muda mfupi kabla.

Kwa hiyo usitegemee taarifa ya kufeli. Taka taarifa ya kufaulu, kila asubuhi, iende kwa watu wawili, na iseme ukubwa. Siku isipofika mtu aulize. Ukubwa ni muhimu maana damp ya jana ikiwa GB 3 na ya leo KB 2, komandi imefaulu ila data haimo. Mwenye duka hahitaji kujua restic ni nini, anahitaji tu kuzoea kuona ujumbe asubuhi kabla ya chai.

Kila mwezi piga na restic check --read-data-subset=5%, inadaunlodi sehemu ya data na kuhakiki haijaharibika. Angalia bando tu.

Kurudisha

Hapa ndo pa kutumia muda. Chukua laptopu nyingine kabisa, isiyo ya ofisi ikiwezekana, jifanye seva imeibiwa. Una nini mkononi? Kama nywila ya restic ilikuwa kwenye seva tu, umekwisha, hamna wa kumpigia, hata waliotengeneza restic hawawezi kukufungulia. Kama barua pepe ya akaunti inafunguka kwa namba ya simu ya fundi aliyehamia Mwanza, pia umekwisha. Mambo haya yanaonekana siku ya jaribio na hayaonekani siku nyingine yoyote isipokuwa ile mbaya.

restic snapshots
restic restore latest --target /jaribio

Usiishie kuona mafaili yametokea. Ingiza damp kwenye databesi tupu, fungua programu ya mauzo, mwite mhasibu mwenyewe, "dada njoo uangalie, mauzo ya jana ni haya?" Yeye akisema ndiyo, hapo una bakapu. Andika na muda uliotumika. Kama kurudisha kila kitu kumechukua siku mbili mwambie bosi mapema, "mzee, seva ikifa tutauza kwa daftari siku mbili", asije akashangaa. Mara nyingi suluhisho ni kupanga foleni: databesi kwanza, GB chache, duka linafunguka, skani za miaka iliyopita zitakuja polepole. restic inakuruhusu, unaongeza --include na njia ya folda unayoitaka.

Fanya hivi kila baada ya miezi mitatu, na mara moja kwa mwaka afanye mtu asiyeandaa mfumo, akisoma karatasi tu. Akikwama, tatizo ni karatasi.

Sheria kidogo

Kama una data za watu, zahanati yenye mafaili ya wagonjwa, SACCOS, shule, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake, na baketi iliyoko Amsterdam ni nje ya nchi hata kama umefunga kwa nywila. Waulize Tume kabla ya kuaplodi. Taasisi za umma msifuate haya yangu kabisa, nyie mna miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Funguo na watu

Nywila ya restic iandikwe kwenye karatasi, nakala mbili, kwenye bahasha zilizofungwa. Moja kwa mwenye biashara nyumbani kwake, nyingine benki au kwa mwanasheria. Kwenye simu ya mtu mmoja haitoshi. Restic pia inakubali nywila zaidi ya moja kwa hifadhi hiyo hiyo, restic key add, kwa hiyo fundi awe na yake na bosi yake. Fundi akiondoka, hata kwa amani, unaondoa ya kwake kwa restic key remove na siku hiyo hiyo unafuta ufunguo wa baketi kule B2 na kutengeneza mpya, maana nywila bila njia ya kufika kwenye baketi haimsaidii kitu.

Laini ya simu inayopokea namba za uhakiki iwe ya kampuni, isajiliwe kwa kampuni, na iwekwe salio mara kwa mara isije ikafungwa. Na barua pepe za bili ziende kwa anayeshika hela, siyo fundi peke yake, kwa sababu kadi inaisha muda, malipo yanagoma, kampuni ya klaudi inatuma onyo mara kadhaa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeisoma, halafu inafunga akaunti na vilivyomo. Ukipokea kadi mpya benki, kabla hujaitia kwenye pochi, ingia B2 ubadilishe namba.